Wiki nane za kutumia, wiki nne za kupumzika: ratiba ya peptidi hutoka wapi?

Swali

"Daktari, mimi ni wakala wa forodha hapa Malaba, nina miaka 38. Mwaka jana niliumia bega la kulia nikiinua vyuma na mpaka leo halijatulia. Mwalimu wa jimu aliniuzia vichupa viwili: kimoja BPC-157 kwa ajili ya bega, kingine mchanganyiko wa CJC na ipamorelini ambao alisema utanisaidia usingizi na kupunguza tumbo. Ratiba aliyonipa ni wiki nane za kutumia na wiki nne za kupumzika, halafu naanza upya. Sasa niko wiki ya tano. Kichupa nachangia na wenzangu wawili, na wenzangu wengine wanasema heri siku tano kwa wiki, mwisho wa wiki unaacha. Dada yangu wa Ntinda anajidunga semaglutidi, dawa ya kushusha uzito na sukari, aliyoandikiwa na daktari wake, na marafiki wamemwambia lazima apumzishe mwili. Mdogo wangu ni mkimbiaji, yuko kambini Kapchorwa, anataka kujaribu hii BPC kwa ajili ya kano ya kisigino. Naomba utupangie ratiba sahihi sote watatu. Nimekutumia na picha ya vichupa."

Jibu

Kaka, pole na bega. Nitaanza na dada yako, kwa sababu kwake hasara ya kupumzika inajulikana na imeshapimwa, na bado kuna nafasi ya kumzuia.

Semaglutidi ni peptidi kama insulini ilivyo peptidi, yaani mnyororo wa asidi amino ambao kwa kawaida huingizwa kwa sindano kwa sababu tumbo lingeumeng'enya kama nyama. Kufanana kwake na vichupa vyako kunaishia hapo. Dawa hii imepita kwa maelfu ya watu, na swali la kuiacha na kuirudia limejibiwa kwa namba. Katika jaribio liitwalo STEP 1, watu walijidunga miligramu 2.4 kila wiki kwa wiki 68, wakapungua kwa wastani karibu 15% ya uzito wao. Baadhi yao wakafuatiliwa mwaka mzima baada ya kuacha, na theluthi mbili ya uzito uliokuwa umetoka ilirudi. Nafuu waliyoipata kwenye sukari na presha nayo ikafifia. Jaribio jingine, STEP 4, linamhusu dada yako moja kwa moja: wote walitumia dawa kwa wiki 20, kisha wengine wakaendelea na wengine wakabadilishiwa sindano isiyo na dawa bila kujua. Hadi wiki ya 68, walioendelea walikuwa wamepungua tena karibu 8%, na waliokatishwa walikuwa wameongezeka karibu 7%.

Sababu ni nyepesi kuielewa. Semaglutidi hutuliza njaa muda ule tu inapokuwa mwilini. Ikitoka, ubongo hudai uzito wake wa zamani. Anayepungua na kunenepa mara kwa mara pia hupoteza misuli kila anapopungua, na sehemu kubwa ya kinachorudi huwa mafuta. Mwanamke anayefanya hivyo mara tatu anaweza kuwa na kilo zilezile alizoanza nazo na nguvu kidogo kuliko mwanzo.

Kuna jambo jingine ambalo marafiki zake hawamwambii. Dawa hii huchukua takriban wiki moja kupungua nusu mwilini, kwa hiyo inahitaji kama wiki tano kutoka yote. Akipumzika miezi miwili kisha akarudi kwenye kipimo kilekile alichoachia, tumbo litakuwa limeshaisahau, na anaweza kutapika mpaka apungukiwe maji. Ndiyo maana huanzwa na miligramu 0.25 na kupandishwa ngazi kwa ngazi, kila ngazi wiki nne. Kila pumziko refu linamrudisha chini ya ngazi, na ni daktari wake wa kusema aanzie wapi.

Zipo sababu halali za kusimama. Akitaka kupata mimba, aache walau miezi miwili kabla. Akipata maumivu makali ya tumbo yanayochoma kwenda mgongoni, aache siku hiyohiyo aende hospitali, maana kongosho linaweza kuwa limevimba. Kabla ya upasuaji amwambie mtoa usingizi kwamba anaitumia. Na kama sababu ya kweli ni bei, amwambie daktari wazi. Nimeona wengi wakisema "napumzisha mwili" wakati mfuko ndio umechoka, na hilo si la kuonea aibu. Lina majibu, ikiwemo metformini ambayo ni rahisi na inapatikana, hasa kama tatizo lake ni kisukari.

Mwambie na hili. Akiwa ameacha dawa na bado anapungua, asiisifu dawa. Hapa Uganda mtu akikonda bila sababu, majirani huwaza silimu, yaani UKIMWI, kabla ya kitu kingine, na kwa hofu ya maneno hayo wengi hukwepa kupima. Apime VVU, apime kifua kikuu, apime sukari.

Na kwa yeyote katika ukoo wenu anayetumia insulini: neno kupumzika lisitajwe mbele yake. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza akiacha insulini, anaweza kuwa mahututi ndani ya siku chache.

Sasa tuje kwako.

Ratiba ya wiki nane na nne umeipokea kama sheria ya mwili. Ninavyoiona mimi, ilirithiwa jimu kutoka kwa watumiaji wa steroidi. Huko ilikuwa na mantiki yake: mwanamume akijidunga testosteroni ya nje, ubongo huona imejaa na kukata amri kwa korodani, nazo husinyaa na kuacha kutengeneza ya kwao. Kipindi cha kuacha kilikuwa cha kuzisubiri ziamke. Peptidi zilipoingia jimu zilivishwa kalenda ileile, bila mtu kuuliza kama zina tatizo lilelile. BPC-157 haijulikani kugusa njia hiyo. Kuipumzisha wiki nne ili "homoni zirudi" ni kusubiri kitu ambacho hakikuondoka.

Hiyo haina maana kwamba kutumia na kuacha ni porojo tupu. Kuna peptidi ambazo mpangilio wa muda ndio dawa yenyewe, na kuzifahamu kutakusaidia kupima maneno ya mwalimu wako. Chukua homoni ambayo ubongo hutuma kwenye tezi ya pituitari kuiamuru iamshe korodani au ovari, iitwayo GnRH. Ubongo huitoa kwa vipigo, kimoja kila baada ya saa moja au mbili hivi. Mwaka 1978, Ernst Knobil na wenzake huko Pittsburgh walionyesha kwa nyani kwamba kipigo kimoja kila saa huifanya tezi ifanye kazi, na homoni ileile ikimiminwa mfululizo bila kukatika, tezi hunyamaza. Anayepiga hodi na kusubiri hufunguliwa. Anayegonga mlango mchana kutwa, wa ndani huacha kumsikia. Madaktari wa saratani hutumia elimu hiyo kila siku. Mgonjwa wa saratani ya tezi dume hudungwa dawa ya jamii hiyo inayokaa mwilini wiki nyingi. Mwanzoni testosteroni hupanda, kisha ndani ya wiki tatu au nne huanguka kabisa, na saratani hukosa chakula chake.

Mfano wa pili ni teriparatidi, dawa ya mifupa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2002. Ni kipande cha homoni ya tezi paradundumio. Homoni hiyo ikiwa juu muda wote, kama kwa wenye uvimbe kwenye tezi hizo, hula mifupa. Ikipanda kwa saa chache mara moja kwa siku na kushuka, hujenga mifupa. Dawa hii ilikuwa na ukomo wa miaka miwili, kwa sababu panya waliopewa kwa wingi walipata saratani ya mfupa. Onyo hilo kali liliondolewa mwaka 2020 baada ya miaka mingi ya kuwafuatilia watu. Na mgonjwa akimaliza haachwi hivihivi, hupewa dawa nyingine ya kulinda mfupa uliojengwa, vinginevyo utayeyuka tena. Ona jinsi ratiba hiyo ilivyokamilika: lini kuanza, lini kuacha, nini kifuate, na sababu ya kila kimoja.

Katika mifano yote miwili, mapumziko yanayofanya kazi ni ya saa, ndani ya siku ileile. Kalenda za miezi ni jambo lingine, na kila moja lazima ijieleze.

Tuchukue kichupa chako cha pili. CJC huiamuru pituitari itoe homoni ya ukuaji, na ipamorelini huisukuma kwa mlango mwingine. Homoni hiyo kiasili hutoka kwa vipigo, kikubwa zaidi kikiwa saa za mwanzo za usingizi, na ini hujibu kwa kutengeneza IGF-1, ambayo ndiyo hufanya kazi nyingi mwilini. Sasa, kuna CJC-1295 za namna mbili sokoni. Moja ina kiungo cha ziada kiitwacho DAC kinachoishikiza kwenye protini ya damu. Hiyo hupungua nusu kwa siku sita hadi nane, na kwa waliodungwa zaidi ya mara moja IGF-1 ilibaki juu hadi siku 28. Nyingine haina DAC, na hupungua nusu kwa takriban nusu saa. Ipamorelini ni kama saa mbili.

Fanya hesabu mwenyewe. Kanuni tunayotumia ni kwamba dawa hutoka karibu yote baada ya kupungua nusu mara tano. Kama yako ina DAC, unahitaji siku 30 hadi 40, na mapumziko ya Jumamosi na Jumapili ni jina tu, kwa sababu Jumapili jioni dawa bado imo kwa wingi. Kama haina DAC, imeshatoka kabla hujaamka asubuhi, kwa hiyo kila siku tayari una mapumziko ya saa nyingi, na siku mbili za mwisho wa wiki haziongezi faida yoyote iliyothibitishwa. Wenzako wanaobishana kuhusu siku tano au saba hawajui hata ni ipi wanajidunga.

Na wewe hujui pia, kaka. Nimeikuza picha yako nikaisoma polepole. Kifuniko cha bluu, lebo nyeupe, imeandikwa CJC-1295, ipamorelini, miligramu 10 kwa jumla. Neno DAC halipo, wala maelezo kwamba haimo. Hakuna namba ya toleo. Hakuna tarehe ya kuisha muda. Jina la mtengenezaji halipo, ila kwa herufi ndogo chini pameandikwa kwa Kiingereza kwamba ni kwa utafiti wa maabara tu, si kwa matumizi ya binadamu. Kwa kazi yako unazijua karatasi ambazo dawa huhitaji ili ivuke mpaka. Hiki kimevuka bila hata moja. Sheria iliyounda Mamlaka ya Taifa ya Dawa, NDA, ni ya mwaka 1993, na dawa inayouzwa kwa umma inatakiwa iwe kwenye rejista yake. Ingia kwenye rejista hiyo utafute majina haya mwenyewe. Wala FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, wala EMA, mamlaka ya dawa ya Ulaya, haijaidhinisha hata mojawapo ya hizi tatu unazotumia.

Ipamorelini ilijaribiwa hospitalini kwa waliopasuliwa utumbo, ili utumbo urudi kazini mapema. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 hayakuonyesha faida ya maana. Dawa ya karibu nayo iliyofanikiwa ni tesamorelini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2010 kwa watu wenye VVU waliorundika mafuta ndani ya tumbo. Hiyo hupunguza mafuta kweli, na kwa waliokatishwa yalirudi. Kwa hiyo hata pale inapofanya kazi, wiki nne za kuacha zingekurudisha nyuma, na kuendelea bila kikomo kungekuweka na IGF-1 iliyo juu kwa muda mrefu, jambo linalotia wasiwasi kwa mwenye uvimbe asioujua. Sijaona njia ya kupanga kalenda itakayokwepa pande zote mbili. Kwa mwanamume wa miaka 38 mwenye kitambi na usingizi mbovu, mimi singeitumia kabisa.

BPC-157 ina hadithi tofauti. Ni mnyororo wa asidi amino 15, unaosemekana umetokana na protini ya majimaji ya tumbo. Kazi nyingi juu yake zimefanywa kwa panya, na nyingi kati ya hizo zimetoka kwa kundi moja la watafiti la Zagreb, Kroatia. Panya waliokatwa kano walipona haraka, na siwezi kulipuuza hilo. Kwa binadamu kuna taarifa chache mno, zenye watu chini ya 20, bila kundi la kulinganisha. Mwaka 2023 FDA iliiweka miongoni mwa viungo vinavyoweza kuwa na hatari kubwa ya usalama, ambavyo wafamasia hawapaswi kuvitengenezea dawa. Kwa panya na mbwa hupungua nusu kwa chini ya nusu saa. Ukiniuliza ni wiki ngapi za kutumia na ngapi za kuacha, jibu la kweli ni kwamba hakuna mtu aliyewahi kulinganisha wiki nne, nane na kumi na mbili kwa mabega ya watu. Atakayekutajia namba amebuni au amesikia kwa aliyebuni.

Sasa ufanye nini. Ushauri wangu ni usisubiri wiki ya nane. Acha vyote viwili leo. Sababu ya kwanza iko kwenye friji yako. Maji yale yenye kihifadhi unayochanganyia poda, kichupa chake kikishatobolewa hutakiwa kutupwa baada ya siku 28. Uko wiki ya tano. Kama ni kichupa kilekile ulichochanganya mwanzoni, kimeshapita, na umeme ukikatika nusu siku ndani ya nyumba ya bati huwezi kujua kilichobaki ndani ni kitu gani. Insulini imewahi kupimwa katika joto la kambi ya wakimbizi ya Dadaab nchini Kenya, na matokeo ya mwaka 2021 yalionyesha ilistahimili nyuzi 25 hadi 37 kwa wiki nne. Lakini hiyo ni insulini ya kiwandani, iliyopimwa. Usiihamishie sifa hiyo poda isiyo na jina.

Sababu ya pili: kuacha sasa ndiyo njia pekee ya kujua kama vimekusaidia. Ulianza viwili kwa mpigo, kwa hiyo bega likipoa hujui kusifu kipi, na sukari ikipanda hujui kulaumu kipi. Tumia wiki sita zijazo kama kipindi cha kupima. Kila Jumatatu asubuhi, kabla ya kuoga maji ya moto, simama ubavu wa kulia ukielekea ukutani, tembeza vidole juu ya ukuta mpaka maumivu yaanze, uweke alama ya chaki na tarehe. Andika pia maumivu ya usiku kwa kuyapa alama kati ya sifuri na kumi, na kama uliweza kulalia upande huo. Alama za chaki zikiendelea kupanda bila dawa, bega linapona lenyewe. Zikishuka kidogo wiki ya kwanza kisha zikasimama, usikimbilie kurudi, nenda kaangaliwe.

Wiki hii hii, kabla hujasahau tarehe ya sindano ya mwisho, pima sukari ukiwa hujala, presha, na IGF-1 kama maabara inaipima. Uliza kwanza kabla hujatolewa damu, maana si kila maabara inayo. Rudia vyote baada ya wiki sita. Sukari ya asubuhi ya 7.0 mmol/L au zaidi ni ya kumwona daktari bila kungoja. Ukipimwa HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari ya miezi michache iliyopita, waeleze kama una chembe ya selimundu au umetoka kuugua malaria, kwa sababu vyote viwili vinaweza kupotosha kipimo hicho. Katika uchunguzi wa watoto wachanga uliofanyika Uganda miaka ya 2014 na 2015, takriban 13% walikuwa wamebeba chembe hiyo, kwa hiyo si jambo la nadra. Mikono ikifa ganzi usiku, vifundo vya miguu vikivimba, au ukianza kukojoa mara nyingi, hizo zinaweza kuwa dalili za homoni ya ukuaji kupita kiasi, na ziandike pamoja na tarehe.

Bega lenyewe linahitaji mikono ya mtu. Muone mtaalamu wa mazoezi ya viungo, Tororo au hospitali ya rufaa ya Mbale, na ikibidi upigwe altrasaundi ijulikane kama kano imechanika. Programu ya mazoezi ya bega kwa kawaida huchukua wiki 12, na huko ndiko utakakopata kalenda yenye watu nyuma yake. Najua inachosha kuambiwa ukavute mpira wa mazoezi wakati umenunua dawa. Lakini bega lililoumia mwaka mzima limeshabadilisha namna unavyolibeba, na hakuna sindano inayofundisha misuli hiyo.

Ukiamua kupuuza ushauri wangu na kurudia BPC-157 baada ya kipindi hicho, basi walau isiwe pamoja na kitu kingine. Andika kabla ya sindano ya kwanza unatazamia alama ya chaki ifike wapi na kwa tarehe gani. Isipofika, unaacha moja kwa moja, huongezi dozi na huanzi mzunguko mwingine. Usirudie ukiwa na uvimbe usiochunguzwa, au kama umewahi kuwa na saratani, maana peptidi hii kwa wanyama huchochea mishipa mipya ya damu, na mishipa hiyo hailishi kano peke yake.

Kuhusu mdogo wako, hakuna ratiba. BPC-157 iko kwenye orodha ya vitu vilivyopigwa marufuku na WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa za kusisimua misuli michezoni, tangu 2022, na CJC na ipamorelini zimo pia. Zimepigwa marufuku wakati wote, ndani na nje ya mashindano, kwa hiyo "kuacha mapema kabla ya mbio" si kinga. Kwa vitu vya homoni ya ukuaji, tangu 2023 kuna mfumo wa kufuatilia IGF-1 ya mwanariadha mwaka hadi mwaka, na mabadiliko yenyewe yanaweza kuwa ushahidi. Adhabu inaweza kufika miaka minne, na kwa mkimbiaji kijana hiyo ndiyo miaka ya kazi. Eneo hilo la Mlima Elgon limewatoa Joshua Cheptegei na Peruth Chemutai, mabingwa wa Olimpiki. Kijana anayepanda mlima huohuo ana cha kupoteza kikubwa kuliko kisigino. Kwa kano ya kisigino ipo programu ya zoezi iliyochapishwa mwaka 1998 na Håkan Alfredson na wenzake wa Sweden: asimame ukingoni mwa ngazi kwa vidole vya mguu, ashushe kisigino polepole mara 15, seti tatu goti likiwa limenyooka na seti tatu limekunjwa kidogo, asubuhi na jioni, kila siku kwa wiki 12. Inauma kiasi, na inaruhusiwa iume kiasi. Kama maumivu yako pale kano inaposhikana na mfupa badala ya katikati yake, asishushe kisigino chini ya usawa wa ngazi. Na kocha wake ajulishwe, ili mbio zipunguzwe kwa muda huo.

Jambo la mwisho ulilitaja kwa kupita, kwamba mnachangia kichupa na wenzako wawili. Hata kama kila mtu ana sindano yake, aliyeingiza sindano iliyokwisha kutumika ndani ya kichupa anaweza kuwa ameweka damu yake humo. Homa ya ini aina B ipo kwa wingi nchini mwetu, zaidi upande wa kaskazini, na VVU unavijua. Nendeni wote watatu mnaochangia mkapime homa ya ini B na VVU sasa, na mrudie baada ya miezi mitatu. Asiyekuwa na kinga ya homa ya ini aanze chanjo siku hiyohiyo ya majibu. Ni dozi tatu ndani ya miezi sita, na hizo usiruke hata moja. Sindano zilizotumika ziweke kwenye kopo gumu lenye mfuniko na upeleke kituo cha afya, usitupe kwenye shimo la taka ambako watoto huokota. Vichupa vilivyobaki vipeleke pamoja nazo.